Mtoto Akiuliza, Mjibu

Mimi nilisomea biashara, nazipenda hesabu. Lakini ukimwambia mtoto kwamba Wanazi waliua watoto Wayahudi karibu milioni 1.5, hesabu hiyo haimwingii. Msimulie hadithi ya Judith Kerr, aliyoiandika 1971 kutokana na maisha yake: Anna wa miaka 9 anakimbia Ujerumani na familia yake mwaka 1933, na sungura wake wa kuchezea anaachwa nyuma. Hapo mtoto ataelewa. Atauliza, "Kwani walikosa nini?" Usimnyamazishe. Soma Kutoka 12:26: mtoto huuliza, mzazi hujibu. Mwambie ukweli: hawakukosa lolote. Kabla ya kambi za mauaji, yalitangulia maneno ya chuki. Je, mezani kwako, watoto wanasikia nini kuhusu majirani?