Viambishi vya Kukanusha na Maneno ya Ugonjwa katika Kiingereza cha Hospitali

Katika hospitali, vituo vya afya na maduka ya dawa ya Muscat, majibu ya vipimo na maelezo ya dawa huandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiarabu, au kwa lugha zote mbili. Herufi chache mwanzoni mwa neno la Kiingereza zaweza kugeuza maana yake yote. Somo hili linaeleza zile zinazokutwa mara nyingi.

1. Viambishi vinavyokanusha

• un-: “well” ni mzima; “unwell” si mzima. “Unconscious” ni aliyepoteza fahamu.
• ab-: “abnormal” ni isiyo ya kawaida. Neno hili halitaji ugonjwa. Husema tu kwamba kipimo kimetoka nje ya kiwango. Sababu huelezwa na daktari.
• a-, an-: “afebrile” ni asiye na homa, “anaemia” ni upungufu wa damu.
• dis-: “continue” ni endelea; “discontinue” ni acha kutumia. Asiyeona kiambishi hiki huendelea kumeza dawa aliyoamriwa kuiacha.

2. Kiambishi chenye sura mbili

“In-” hukanusha katika “insoluble”, yaani kisichoyeyuka. Lakini katika “inhale”, yaani kuvuta pumzi, huonyesha kuingia ndani. “Inflammable” haina maana ya kisichoungua: ni kinachoshika moto upesi. Chupa yenye neno hilo iwekwe mbali na jiko.

3. “Negative” na “positive”

Katika kipimo cha maambukizi, “negative” ama “non-reactive” humaanisha kwamba alama za maambukizi hazikuonekana, na “positive” kwamba zimeonekana. Lakini “Rh negative” ni aina ya damu, wala si ugonjwa. Mjamzito mwenye aina hiyo amjulishe daktari mapema, kwa kuwa huenda akahitaji sindano ya kumkinga mtoto.

4. “Sick”, “disease” na “sickle”

“Sick” ni mgonjwa, ila “I feel sick” huweza kueleweka kuwa ni kichefuchefu. Mwenye maumivu aseme “I have pain here” na kuonyesha mahali. “Disease” ni ugonjwa.

“Sickle” haitokani na “sick”. Ni mundu, umbo la chembe nyekundu za damu za mwenye selimundu. Ugonjwa huu wa kurithi unapatikana Oman na Afrika Mashariki pia. “Sickle cell disease” ni ugonjwa wenyewe. “Sickle cell trait” ni kubeba kinasaba chake, na kwa kawaida mbebaji haumwi. Lakini wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, katika kila mimba pana uwezekano wa 25% wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Kwa hiyo wachumba wapime kabla ya ndoa.

Yafaa kukumbuka

Asiyefahamu neno aulize kabla ya kumeza dawa, na amwombe mfamasia aeleze upya. Mtoto asifanywe mkalimani wa majibu ya mzazi wake. Mtu akipoteza fahamu au akishindwa kupumua, ipigwe simu 9999 bila kuchelewa.