KUPIGA HODI MAPEMA: NAMNA YA KUPUNGUZA KUNGOJEA KURASA ZA TOVUTI

Wananchi na watumishi wa umma wanazidi kuzitegemea tovuti kwa mambo ambayo zamani yalimlazimu mtu kupanda gari la abiria mpaka mjini: kusoma tangazo la ajira, kuangalia matokeo ya mitihani, kuchukua fomu. Mtu aliyeko Micheweni au Makunduchi, simu mkononi na salio la kubahatisha, anayengojea ukurasa ufunguke siku ya mwisho ya kupokea maombi, hawezi kuambiwa kwamba sekunde chache ni kitu kidogo. Ukurasa ukichelewa huufunga na kuufungua tena, na sehemu kubwa ya kazi huanza upya. Somo hili linahusu fungu moja tu la uchelewaji huo, ambalo fundi anaweza kulipunguza kwa mstari mmoja wa maandishi, na ambalo mkuu wa ofisi aliyeagiza tovuti anapaswa kulielewa hata kama yeye si fundi.

Wengi wetu hudhani kwamba dawa ya kungojea ni kununua kifurushi kikubwa zaidi. Kifurushi kipana hupitisha vitu vingi kwa pamoja, lakini hakipunguzi masafa. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme seva yenye kitu tunachokitaka ipo Ulaya, na njia ya waya wa baharini hadi huko ni kilomita 10,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 20,000, yaani sehemu ya kumi ya sekunde, ambayo mafundi huiita milisekunde 100. Hapo hatujahesabu mitambo ya njiani wala mnara wa simu. Ukivijumlisha, milisekunde 150 au 200 si ajabu. Bandari ikipanuliwa, meli nyingi zaidi zitatia nanga, lakini Pemba haitasogea karibu na Unguja.

Tulilionja jambo hili tarehe 12 Mei 2024, pale nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Mawasiliano yanapopitishwa njia ya kuzunguka, kila safari ya kwenda na kurudi hurefuka. Kwa hiyo swali la maana ni hili: ukurasa mmoja unahitaji safari ngapi kabla ya msomaji kuona chochote?

Kivinjari, yaani programu tunayoitumia kufungulia tovuti, hakianzi kwa kuomba kitu. Kwanza huuliza nyumba iko wapi: jina la tovuti hugeuzwa kuwa namba kwa mfumo wa majina uitwao DNS. Jibu likiwa limehifadhiwa karibu, hatua hiyo huwa fupi. Lisipokuwepo, ni safari nyingine. Pili, hupiga hodi. Itifaki ya TCP ina maneno matatu ambayo Mswahili hahitaji kufundishwa: kivinjari husema “Hodi!”, seva hujibu “Karibu!”, kivinjari hujibu “Starehe”, ndipo mazungumzo yakaanza. Hiyo ni safari moja ya kwenda na kurudi. Tatu, wawili hao hutambuana kwa cheti na kukubaliana funguo za siri, ili asitokee mtu wa kati akasikiliza. Kwa itifaki ya usalama ya TLS toleo la 1.2 kazi hiyo huchukua safari mbili. Kwa toleo la 1.3, lililotolewa mwaka 2018, huchukua moja.

Tufanye hesabu. Safari moja ikiwa milisekunde 150, kuuliza, hodi na kutambuana kwa toleo jipya ni milisekunde 450. Kwa toleo la zamani ni 600. Zaidi ya nusu sekunde imekwenda, na hata herufi moja haijafika. Mkuu wa ofisi anaweza kuanzia hapohapo kwa kumuuliza fundi wake ni toleo gani linalotumika kwenye seva yao.

Laiti ukurasa ungekuwa na nyumba moja tu ya kubishia hodi, tungesubiri na yakaisha. Lakini kurasa za siku hizi hukopa huku na huku: fonti za herufi kwa huyu, ramani kwa yule, video kwa mwengine. Mfano unaojulikana sana ni fonti za Google. Kivinjari husoma ukurasa wetu, kikakuta kwamba faili la mitindo ya herufi lipo kwenye seva iitwayo fonts.googleapis.com. Kinakwenda, kinapiga hodi, kinalipata. Ndani ya faili hilo ndimo kinamoona kwamba fonti zenyewe hazipo hapo. Zipo nyumba ya pili, fonts.gstatic.com. Basi huuliza tena, hupiga hodi tena, hutambulishana tena. Ni kama mgeni amekwisha kukaa barazani, ndipo mwenye nyumba anapomtuma mtoto kununua sukari.

Dawa ni kumwambia kivinjari mapema. Katika sehemu ya kichwa ya ukurasa, fundi huweka lebo ya link, ambayo sifa yake ya rel hupewa thamani preconnect, na sifa ya href hupewa anwani ya seva hiyo ya pili. Kivinjari kikiisoma lebo hiyo hufanya hatua zote tatu huku kikiendelea na kazi nyingine. Hakichukui faili lolote. Huacha mlango wazi tu. Pale fonti zinapohitajika, ombi hutoka moja kwa moja.

Hapa pana kosa linalowapata mafundi wengi. Vivinjari huchukua fonti kwa njia ya pekee, isiyopeleka vitambulisho vya mtumiaji, na kwa njia hiyo hutumia muunganisho mwengine. Fundi akisahau kuongeza neno crossorigin kwenye lebo ya seva ya fonti, kivinjari hufungua mlango usio wenyewe, kisha hurudi kuanza hodi upya. Mstari unaonekana umeandikwa sawasawa, wala hakuna onyo lolote linalomfikia msomaji, ila faida yake haipo.

Kosa jengine ni ulafi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuonyeshwa ukurasa uliowekewa lebo hizo nane, mojawapo ikielekea kwenye tovuti yenyewe, ambayo bila shaka kivinjari kilikuwa kimekwisha kuunganishwa nayo. Kila muunganisho una gharama: vyeti vinavyosafirishwa, kazi kwa simu ndogo, na kugombania njia na ukurasa unaosubiriwa. Kivinjari cha Chrome hufunga muunganisho usiotumika baada ya takriban sekunde 10, kwa hiyo kuunganisha mapema kwa ajili ya video ambayo msomaji ataibonyeza baada ya dakika moja ni hasara tupu. Seva mbili au tatu, zile zinazohitajika kwa hakika na mara moja, zinatosha. Kwa nyinginezo kuna lebo nyepesi zaidi, dns-prefetch, ambayo huuliza anwani tu bila ya kupiga hodi.

Kwa rai yetu, hata hivyo, ofisi ya umma ianze kwa swali jengine: je, kuna haja ya kukopa? Fonti zinaweza kuwekwa kwenye seva ya ofisi yenyewe, na hapo nyumba mbili za kubishia hodi zinaondoka kabisa. Tena kuna suala la siri za watu. Mwezi wa Januari 2022 mahakama ya mjini Munich, Ujerumani, iliamuru mwenye tovuti amlipe aliyeitembelea fidia ya yuro 100, kwa kuwa ukurasa wake ulichukua fonti kwenye seva za Google na hivyo kupeleka anwani ya mtandao ya mtu huyo bila ya ridhaa yake. Kuunganisha mapema hakuondoi jambo hilo. Hulifanya litokee mapema zaidi.

Kabla ya kuweka lolote, fundi apime. Vivinjari vya kompyuta vina sehemu ya watengenezaji inayoonyesha kila faili na muda uliotumika kuuliza jina, kuunganisha na kutambuana. Apime kwanza, aweke lebo, kisha apime tena. Asipimie ofisini peke yake, ambako kompyuta yake imekwisha kuhifadhi kila kitu. Achukue simu ya kawaida, afute kumbukumbu za kivinjari, atumie intaneti ya simu, na akaufungulie ukurasa huo Micheweni.