Kuteleza Bila Kuanguka: Kutafsiri Wiki Moja ya Theluji ya Japani

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi la kutafsiri kutoka Kifaransa hadi Kiswahili. Lilikuwa tangazo la wakala wa safari: wiki moja ya majira ya baridi katika hoteli ya kijiji cha Nozawa Onsen, mkoa wa Nagano, nchini Japani. Aya sita tu. Nilipokusanya kazi, nilikuta Kifaransa kimebaki kila mahali kama mawe katika mchele. Mmoja wao aliandika pembeni: «Neno hili halipo kwetu, kwa kuwa kitu chenyewe hakipo.»

Ninamjibu hapa kwa urefu, maana si mvivu na hoja yake inasikika hata kwa baadhi ya walimu. Akiachwa aiamini, atatoka kitivoni na Kiswahili cha soko na cha kanisa, na mambo mengine yote ya dunia atayaachia Kifaransa.

Tuanze na theluji yenyewe. Neno «neige» lilitafsiriwa kwa namna tatu: wengi waliandika «barafu», wachache «theluji», na mmoja «neje». Mtaani kwetu barafu ni ile inayotoka ndani ya frigo, ngumu, ya kutia katika kinywaji. Asili yake ni Kiajemi, «barf», na huko maana yake ni theluji. Kwa hiyo Kiswahili kilichukua jina la kitu laini kikalipa kitu kigumu. «Theluji» nalo limetoka kwa Kiarabu, «thalj», neno ambalo katika matumizi ya Waarabu wengi hubeba yote mawili. Tulikopa maneno mawili kwa majirani wawili, kisha sisi wenyewe tukayagawia kazi: theluji ni ile inayoanguka kutoka mawinguni, barafu ni maji yaliyoganda. Mgawanyo huo unalingana sawasawa na Kijapani, ambacho kina «yuki» na «kōri».

Je, tofauti hiyo ina uzito gani? Kwa mtu anayeshuka mlima na mbao miguuni, ina uzito wa mfupa. Juu ya theluji ya unga, ambayo Wajapani huiita «konayuki», mbao hushika, na anayeanguka huangukia kitu laini. Juu ya barafu, ukingo wa mbao hukosa pa kung'ata. Tangazo linaloahidi «mlima uliojaa barafu» haliwaiti wageni, linawafukuza.

Kuhusu madai kwamba kitu hiki hakipo kwetu, namwomba mwandishi wa maneno yale ya pembeni atazame ramani ya nchi yake. Kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, kina urefu wa mita 5,109, na theluji huanguka huko. Wakonzo wanaoishi kwenye miteremko yake wana jina lao la theluji, «nzururu», nao huita nchi hiyo Rwenzururu, mahali pa theluji. Sasa linganisha: Wajapani huita sehemu zao zenye theluji nyingi «yukiguni», nchi ya theluji. Ndilo jina la riwaya ya Kawabata Yasunari, mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka 1968, ambayo mambo yake hutokea katika nyumba ya wageni kwenye maji ya moto huko Yuzawa. Lugha mbili ambazo hazijawahi kukutana zimeunda jina moja kwa njia moja. Anayetaka kutafsiri «yukiguni» na aanzie Beni kabla ya kufungua kamusi ya Kifaransa.

Nakiri kwamba Kijapani kimetuzidi katika aina za theluji. Kuna «botan-yuki», ile ya mapande makubwa, iliyopewa jina la ua. Kuna «neyuki», ile inayokaa chini hadi majira ya kuchipua. «Ne» ni mzizi. Mwanafunzi mmoja aliyetafuta zaidi ya tulivyomtuma alipendekeza «theluji iliyokita», naye nilimpa alama zote, maana sisi pia husema jambo limekita mizizi.

Nafika kwenye kitenzi, na hapa ndipo darasa liligawanyika. «Skier» ni nini? Wengine walitaka «kuskii». Wengine walipendekeza «kuteleza», wakazomewa: kuteleza ni ajali, ni matope ya mvua, ni mtu kukosea. Nani atalipa fedha ili akateleze wiki nzima?

Wajapani hulipa. Kitenzi chao ni «suberu», na «suberu» ni kuteleza kule kule kwa kawaida: mtu juu ya sakafu yenye maji, mtu mwenye mbao mlimani. Zaidi ya hapo, ni kushindwa mtihani. Familia yenye mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu hujiepusha kulitamka neno hilo mbele yake, na mitihani hiyo hufanyika wakati wa baridi, ndiyo majira ya michezo ya theluji. Hata hivyo Kijapani hakikulikataa neno kwa sababu ya maana zake mbaya. Kililiacha lifanye kazi zote, na muktadha ukachagua.

Kwetu mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa wazee wametangulia kutenganisha: kuteleza si kuanguka. Methali hiyo hutumiwa kumtetea aliyekosea kidogo, lakini kwa mwalimu wa mchezo huu ingekuwa somo la siku ya kwanza. Kisha tazameni jinsi mzizi unavyozaa: mtelezaji, utelezi, na kwa kauli ya kutendea, «mbao za kutelezea». Mahali penyewe ni mteremko, neno tulilo nalo tangu zamani. Sina ugomvi na «skii» kama jina la mchezo: «kuteleza kwa skii» ni sawa. Ninachokataa ni kuzalisha «kuskii» wakati kitenzi kizima kimeketi mlangoni kikingoja kuitwa.

Na kukopa si aibu, mradi tujue tunakopaje. Wajapani husema «sukī», «hoteru», «rifuto». Kama sisi, hawapendi konsonanti mbili zigusane wala neno lifungwe bila irabu. «Hoteru» na «hoteli» ni ndugu wa baba mmoja. Mteremko wa kutelezea wao huuita «gerende», kutoka Kijerumani «Gelände», ambalo kwa Wajerumani ni eneo lolote tu la ardhi. Mchezo wenyewe waliupata kwa afisa wa jeshi la Austria, Theodor von Lerch, aliyewafundisha wanajeshi huko Takada mwezi wa Januari 1911. Katika miaka hiyo hiyo Wajerumani walikuwa Afrika Mashariki, na Kiswahili kikachukua kwao «shule». Kila mmoja alichukua alichofundishiwa.

Sasa hesabu, ambayo nitaipitia haraka ingawa iliangusha wengi. Tangazo lilisema siku nane, usiku saba. Wajapani huandika hivyo hivyo, «nanahaku yōka»: kulala ugenini mara saba, siku nane. Walioandika «wiki moja» wamemnyang'anya mgeni siku aliyoilipia. Vyumba vilikuwa vinafunguliwa «à 15 h». Mmoja aliandika «saa kumi na tano», mwingine «saa tatu mchana» kwa kufuata saa ya Kifaransa. Kwa hesabu ya Kiswahili hiyo ni saa tisa alasiri. Atakayeisoma ile saa tatu kama msomaji wa Dar es Salaam atafika asubuhi na kukaa saa sita nje kwenye theluji na mizigo yake. Hapa kwetu hesabu mbili zinaishi pamoja, basi tuandike daima sehemu ya siku, na tuchague hesabu moja hadi mwisho wa matini.

Aya ya nne ilikuwa kanuni za nyumba, nayo ndiyo niliyoipenda. Viatu mlangoni, mwili huoshwa kwanza kabla ya kuingia katika bwawa la maji ya moto, taulo dogo lisiguse maji hayo. Wanafunzi waliandika kwa amri: «Vua viatu! Osha mwili!» Mgeni amesafiri mbali, amefika amechoka, na neno la kwanza analokutana nalo ni la askari wa kizuizi barabarani. Kiswahili kina kiambishi kinachofaa kabisa hapa, «hu-», ambacho hakichukui kiambishi cha nafsi: «Viatu huvuliwa mlangoni.» Hakuna anayeamriwa, ndivyo ilivyo desturi ya nyumba. Sisi wa Katanga tumezoea «tunavulaka viatu», kwa ile -ak- yetu, kwa hiyo «hu-» hutuponyoka tunapoandika. Ni vizuri kujua kwamba mazoea tunayoyaeleza kwa -ak- nyumbani ndiyo haya haya.

Katika aya hiyo pia mlikuwamo yukata, vazi jepesi ambalo mgeni hupewa hotelini. Upande wa kushoto hulazwa juu ya upande wa kulia. Kinyume chake ndivyo maiti huvikwa. Kazi nne zilikuwa zimegeuza pande hizo mbili. Sikuandika neno pembeni. Nilichora tu jeneza dogo.

«Onsen» walilitafsiri vizuri, kwa sababu hilo wanalijua: kuna May ya Moto katika hifadhi ya Virunga, na jina limejieleza. Kijiji cha Nozawa kina nyumba kumi na tatu za kuogea za hadhara, ambazo wanakijiji wenyewe huzitunza kwa zamu, na chemchemi iitwayo Ogama, yenye maji ya moto sana, ambamo huchemshia mboga zao. Mwanafunzi aliyeandika «chemchemi ya kupikia» hakukosea.

Ulibaki mstari wa mwisho: «Vos hôtes vous attendent.» Kifaransa hapa ni mtego, kwa kuwa «hôte» ni anayepokea na pia ni anayepokewa. Kijapani kina mtego wake: «kyaku», ambalo hoteli hulipamba kwa heshima likawa «okyakusama», ni mgeni na ni mteja kwa pamoja. Kiswahili hutenganisha mwenyeji, mgeni na mteja, na methali yetu humpa mgeni siku mbili tu kabla ya kumpa jembe. Anayelala mara saba bila kushika jembe lazima awe analipa. Darasa karibu zima liliandika «wageni wenu» au «wateja wenu». Yule wa «halipo kwetu» peke yake aliandika: «Wenyeji wenu wanawangojeni.»