Waya, Bamba au Skrubu? Mfupa wa Kiganja Ukivunjika

Pikipiki ikiteleza kwenye barabara kuu pale Gilgil, mwendeshaji hutanguliza mkono. Kesho yake kiganja kimevimba, naye anajiambia ameteguka tu, atakandwa apone. Siku kumi baadaye akikunja ngumi, kidole cha mwisho kinamlalia mwenzake. Kumbe mfupa ulivunjika, ukajizungusha, na sasa umeanza kushikana ukiwa umepinda.

Kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, mkono una mifupa 27. Mingi ikivunjika haihitaji kisu. Kama haijasogea, daktari huifunga banzi au plasta, au hukifunga kidole pamoja na jirani yake, kwa wiki tatu au nne hivi. Upasuaji huhitajika kidole kikipanda juu ya kingine, mfupa ukitoboa ngozi, kiungo chenyewe kikipasuka na vipande kuachana, au mifupa kadhaa ikivunjika kwa pamoja.

Njia ya zamani na ya bei nafuu ni waya za Kirschner, zenye jina la daktari Mjerumani aliyezianzisha mwaka 1909. Daktari hunyoosha mfupa, kisha hupenyeza waya nyembamba kupitia ngozi akiangalia kwa eksirei. Hakuna mkato mkubwa, na baada ya wiki nne hivi waya huchomolewa kliniki. Shida yake ni ncha zinazobaki nje ya ngozi. Kwa mtu wa shamba au wa machimbo, tundu lile ni mlango wa vijidudu, kwa hiyo lazima likae kavu na safi. Tena kidole hukaa kimefungwa kwa majuma, na kidole kisichosogea hukakamaa.

Bamba la chuma na skrubu zake hushika imara zaidi. Mfupa wa kiganja uliosagika vipande vingi unalihitaji, na mgonjwa anaweza kuanza kukunja vidole baada ya siku chache. Lakini ngozi hupasuliwa, na bamba hukaa chini kabisa ya kano zinazonyoosha vidole. Kano zikigandana na kovu, kidole hakikunjiki vizuri, hasa bamba likiwekwa kwenye mfupa wa kidole chenyewe. Wengine hurudi chumba cha upasuaji kulitoa.

Mvunjiko mrefu wa mshazari waweza kutulizwa kwa skrubu mbili tatu bila bamba. Ipo pia skrubu isiyo na kichwa, inayopita ndani ya mfupa kwa tundu dogo na kuruhusu mkono usogee mapema. Haifai kila mvunjiko wala haipatikani kila mahali. Mkono uliopondeka na kuchafuka huenda ukawekewa vyuma vya nje kwanza, hadi nyama ipone.

Tafiti zilizolinganisha waya na bamba hazijampata mshindi wa kila mvunjiko. Kwa hiyo usidhani waya ni tiba ya maskini, wala usikope pesa za bamba kwa sababu tu ni ghali. Muulize daktari: nitaanza kusogeza vidole lini? Chuma hiki kitatolewa? Bima ya afya ya SHA italipa nini, na mimi nitalipa nini?

Ukiumia, vua pete mara moja kabla ya uvimbe, inua mkono juu ya moyo, uende Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Gilgil ukapigwe picha. Kama kuna jeraha, uliza sindano ya pepopunda. Ikibidi, utapewa rufaa kwenda hospitali ya kaunti mjini Nakuru, umbali wa takriban kilomita 40. Wengine huenda hospitali ya Kijabe. Nenda wiki hiyo hiyo, maana baada ya wiki mbili hivi kunyoosha mfupa huwa kazi ngumu zaidi. Mkandaji aachane nao kabisa. Na jeraha dogo juu ya fundo la kidole baada ya kumpiga mtu meno lisidharauliwe hata kidogo: vijidudu vya mdomoni huingia kwenye kiungo na kukiharibu kwa siku chache. Lioshwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Baada ya upasuaji, vidole visivyofungwa vikunjwe na kunyooshwa kila siku kama utakavyoelekezwa. Waya zikitoa usaha, au plasta ikitolewa na ngumi isifunge, rudi hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki.