Kijana Baina ya Elimu Mbili

Twaulizwa na vijana waliomaliza skuli: tuingie chuo cha tiba au cha sharia? Twajibu: zote mbili ni faradhi ya kutosheleza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi ilhali kuna miji iliyokosa tabibu Mwislamu. Naye Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alikuwa kadhi na tabibu pia. Basi kijana na apime: ni ipi isiyopatikana ila chuoni? Misingi ya fikihi husomwa msikitini baada ya Magharibi. Tiba haisomwi pasipo maabara na hospitali. Twanasihi achague chuo kwa ile isiyo na mlango mwingine, wala asiiache darasa. Wabillahi taufiki.