Kupuliza au Kubadilisha: Chujio la Hewa la Mtambo na Mapafu ya Fundi

Ekskaveta au buldoza inayofanya kazi katika machimbo ya kokoto huvuta maelfu ya lita za hewa kila dakika. Karibu vumbi lote lililomo katika hewa hiyo hunaswa na mikunjo ya karatasi ya chujio, ambalo gereji nyingi huliita filta ya hewa. Kinachosahaulika ni kwamba vumbi hilo halikutoweka, bali limewekwa akiba. Fundi anapolitoa chujio na kulipuliza kwa bomba la kompresa, kile ambacho injini ilikingwa nacho hurudi hewani, umbali wa mkono mmoja tu kutoka puani mwake.

Ubaya wa vumbi hilo hutegemea asili yake. Mchanga na mawe magumu kama granaiti huwa na silika ya fuwele. Chembe kubwa zaidi hunaswa puani na kooni, kisha hutolewa kwa kamasi na makohozi. Zile ndogo, za chini ya mikromita 5 hivi, hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Hizo hazionekani kwa macho, nazo huelea hewani muda mrefu baada ya wingu linaloonekana kutulia. Kwa hiyo msaidizi anayeingia karakana dakika chache baadaye huvuta hewa chafu akidhani ni safi.

Ndani ya pafu, seli za kinga humeza chembe za silika lakini hushindwa kuziyeyusha. Hufa, na mahali pao hujengeka makovu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi, ingawa vumbi likiwa jingi sana huja mapema zaidi. Hakuna dawa inayoyaondoa makovu hayo, na yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kwa pumzi miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Aidha, mwenye silikosisi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu.

Wanaopuliza hutoa hoja ya gharama: chujio jipya ni ghali, na lililopulizwa huonekana kama jipya. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mwenye mtambo mmoja, lakini hesabu yake ni pungufu. Tabaka jembamba la vumbi juu ya karatasi huongeza uwezo wa kuchuja, hivyo kulipuliza chujio kila jioni hakuisaidii injini. Kila linapofunguliwa, vumbi kidogo huweza kuangukia upande safi. Na upepo mkali wa kompresa hutoboa matundu madogo ambayo jicho halioni. Baadhi ya watengenezaji huruhusu chujio la nje kusafishwa mara chache, wengine hukataza kabisa; kitabu cha mtambo ndicho mwamuzi. Chujio la ndani, lile la akiba, halisafishwi kamwe: hubadilishwa. Mitambo mingi ina kifaa kidogo kinachoonyesha alama nyekundu hewa inapopita kwa shida. Kukisubiri kifaa hicho kiseme ni nafuu kuliko ratiba ya kupuliza iliyorithiwa kwa mazoea.

Pale ambapo kusafisha kunaruhusiwa na hakuna budi, shinikizo la hewa lisizidi paundi 30 kwa inchi ya mraba, wakati kompresa nyingi za karakana hufika zaidi ya 100. Hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, mahali pa wazi, mbali na watu, fundi akiwa amevaa miwani ya kinga na barakoa ya N95 inayobana uso vizuri. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo, wala barakoa ya upasuaji haitoshi. Kuligongagonga chujio kwenye tairi, jambo linaloonekana kila siku, huliharibu na kutimua vumbi lilelile. Nguo za kazi nazo zisipulizwe kwa bomba hilo zikiwa mwilini. Zivuliwe kazini, zifuliwe mbali na za watoto.

Kwa mhudumu wa afya, ugumu uko katika swali la kazi. Mgonjwa akisema ni mvunja mawe, silika hukumbukwa mara moja. Akisema ni fundi wa mitambo, daftari huandikwa “fundi” na mazungumzo huishia hapo. Mtu wa namna hiyo anaweza kutibiwa kifua kikuu zaidi ya mara moja, ilhali vipimo vya makohozi havikuonyesha vimelea, na pumzi ikazidi kuwa fupi. Inafaa aulizwe amefanya kazi wapi na kwa miaka mingapi, na kama hupuliza machujio. Makohozi yapimwe hata pale silikosisi inapodhaniwa, kwa kuwa magonjwa hayo mawili hukaa pamoja. Iwapo mgonjwa amehifadhi nyumbani filamu ya eksirei ya miaka iliyopita, aombwe ailete ilinganishwe na mpya.