Kocha ni Mlezi: Funzo Kutoka Uwanjani

Tunawaandikia kutoka Kashozi, ambako misheni ilianza mwaka 1892.

Robo hii tulizungumza na vijana wetu wanaocheza soka vyuoni. Mmoja, golikipa, alimficha kocha maumivu ya goti kwa miezi miwili. Kwa nini? Aliyeumia kabla yake aliitwa "galasa" mbele ya wenzake. Leo golikipa huyo anachechemea. Wa chuo kingine aliteguka kifundo cha mguu. Kocha wake alimpumzisha, akamjulia hali hosteli, naye akarudi uwanjani akiwa mzima.

Tunajifunza nini? Mchezaji anayemwogopa kocha hasemi ukweli, na kocha asiyeambiwa ukweli hawezi kumlinda. Mwaka 2019 hata FIFA ilitoa mwongozo wa kuwalinda watoto katika soka. Timu zetu za parokia nazo zina watoto.

Maswali ya kujadili:

1. Mchezaji wetu akiumia au akidhalilishwa, atamwambia nani zaidi ya kocha?
2. Tunapochangia jezi na mipira, je, tunauliza pia vijana wanalelewaje?